Ukurasa Mmoja Tu

Juzi mjini, kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara, nilikiona kile kitabu chetu cha Kiingereza, hasira ikanipanda upya.

Darasa letu pale Kangemi lilinuka chaki na sweta zilizolowa mvua. Kitabu kilikuwa kimoja, mkononi mwa mwalimu, naye alitusomea hadithi ya msichana aliyetumwa kwenye theluji amwitie mama yake daktari. Mimi nilidhani theluji ni kama ule unga unaoruka kwenye mashine ya kusaga mahindi, nikashangaa msichana analia nini. Kila sentensi mwalimu alisimama: kitenzi kiko wapi? Nomino ni ipi? Msichana akabaki njiani, hadi siku moja mwalimu akakifunga kitabu, tukaanza kingine.

Kila jioni nilikuwa nikimsimulia mama, aliyefulia watu nguo kule Loresho. Aliposikia hadithi imeishia hapo, kesho yake alisimama mlangoni mwa darasa, ndala zimejaa matope.

"Samahani mwalimu. Huyo mtoto alifika kwa daktari ama hakufika?"

Mwalimu akacheka, darasa zima likamfuata. "Mama, mwisho hauko kwa mtihani. Enda kazi."

Mama akaenda. Hakuniuliza tena habari za hadithi.

Nilidhani mwalimu naye hakuujua mwisho. Juzi niliusoma nikiwa nimesimama palepale barabarani. Msichana alifika. Mama yangu alikufa bila kujua, na ulikuwa umebaki ukurasa mmoja tu.