Utabaki Kwenye Gari

Binti yangu akishaamua jambo hana habari ya kuomba. Alinipigia simu kutoka kwake Missouri City, mimi nikiwa jikoni kwangu Irving, pembeni mwa Dallas, nakanda unga wa chapati.

"Mum, nime-book ile trip ya Oman. Tukienda nyumbani Kenya tutapitia hapo, siku moja ya kutembea tu. Soko la mbuzi, ngome, halafu kijiji fulani huko juu mlimani. But hapo kwa kijiji ni ngazi tupu, so wewe utabaki kwenye gari."

Utabaki kwenye gari! Mimi niliyezaliwa Taita, ambako shule ilikuwa juu mlimani na kanisa chini bondeni, na mtoto asiyejua kupanda hakusoma. Damu ilinichemka.

Nilijua vilevile kwamba neno lenyewe halikuwa gari. Tangu nilipowekewa goti la chuma, binti alikuwa ananitengenezea chumba cha chini nyumbani kwake, na bafuni keshafunga vyuma vya kushikilia. Alitaka niache kazi yangu ya kutunza wazee, niache na nyumba yangu ya ghorofani, ambako hunywa chai nikitazama ndege zikishuka. Baba yake alipofariki, hofu yake yote aliihamishia kwangu. Nilimwelewa, ila kuhama sikutaka hata kidogo.

"Tufanye hivi," nikamwambia. "Nikifika juu ya hicho kijiji kwa miguu yangu, habari za kuhama zife. Nikishindwa, njoo na lori, nafungasha."

"Deal, Mum!" akasema, akacheka kicheko cha mtu ambaye ameshashinda.

Basi nikajifunga kibwebwe. Taabu ya huku kwetu ni kwamba ardhi imelala kama chapati. Hata utafute vipi, kilima hukioni. Mwishowe nikagundua jengo la kuegesha magari, karibu na ofisi fulani, ambalo Jumapili baada ya kanisa huwa tupu. Nikawa napanda ile njia ya magari inayozunguka hadi juu, nashuka, napanda tena. Mtu anayetembea kwa miguu Dallas ni kituko. Mzungu mmoja mwenye pikapu alisimama akaniuliza, "Ma'am, did your car break down?" Nikamwambia gari ni zima, anayekarabatiwa ni mimi.

Siku ya safari, pale uwanja wa ndege, goti lilipiga kelele kwenye mashine ya ukaguzi. Binti akanitazama kama aliyepata shahidi.

Dereva aliyetupokea Oman alikuwa mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe pe, kofia ya kudariziwa. Alizungumza Kiingereza na binti aliyeketi mbele. Mimi huko nyuma nikamsema kwa Kiswahili nilivyopenda: kwamba udi aliojifukiza ungetosha harusi nzima, na kwamba anaendesha pole pole utadhani amembeba bibi harusi mwenyewe.

Sokoni Nizwa tulikuta mbuzi wanazungushwa kwenye duara, wanunuzi wamekaa pembeni wakichungulia meno na kupapasa migongo. Nikampapasa beberu mmoja, mwenyewe akadhani nanunua, ikabidi binti anivute mkono. Ngome nayo ilikuwa na ngazi nyembamba, na juu yake matundu ambayo walinzi wa zamani waliwamwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Nilipanda hadi kwenye mnara kwa majigambo tu, na hapo ndipo goti lilipoanza kuwaka moto. Nikashuka nikitabasamu.

Alasiri tukafika chini ya kijiji. Nyumba za udongo zilikuwa zimepandana juu ya mwamba, na ngazi za mawe zikipotelea katikati yake. Binti akamgeukia dereva. "My mother will stay in the car with you."

Dereva akazima injini, akageuka hadi nyuma, na kwa Kiswahili safi cha Unguja akasema, "Shikamoo, mama. Mwenyewe wasemaje?"

Niliona haya, sikujua niuweke wapi uso. Mama yake, akatueleza, alizaliwa Unguja na ndiye aliyemlea kwa lugha hiyo. Kumbe alisikia yote, udi na bibi harusi! Lakini haya ilinitoka upesi. Tangu nipasuliwe, madaktari, binti, watu wa kanisa, wote walikuwa wakinizungumzia nami nipo hapo hapo. Huyu alikuwa wa kwanza kuniuliza.

"Nasema napanda," nikamjibu.

"Basi panda, mama. Gari nitalilinda mimi."

Nilipanda taratibu, mkono ukutani. Kando ya ngazi maji yalitiririka kwenye mfereji mwembamba kuelekea mitendeni. Katikati ya safari goti likagoma. Nikaketi kwenye jiwe, jasho linanitoka, na nikaogopa kweli. Mawe sikuyaogopa. Niliogopa kile chumba cha chini na vyuma vyake.

"Mum, it's okay, tushuke tu," binti akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hasira. Nikavua leso mabegani, nikailoweka mferejini, nikalifunga goti kwa nguvu, nikasimama.

Ngazi za mwisho sizikumbuki vizuri. Nakumbuka ukuta ulikwisha, na bonde zima likafunguka mbele yangu, mitende chini, gari letu dogo kule mbali. Nikapiga vigelegele kwa pumzi yote iliyobaki. Na kutoka ndani ya nyumba moja ya udongo, mwanamke ambaye sikumwona akanijibu kwa vigelegele vyake. Nilicheka huku nalia.

Binti, niliyekuwa nimemwacha nyuma, alifika baadaye, viatu vyake vyeupe vimekuwa rangi ya udongo, pumzi juu juu. Akaketi chini, akanishika mkono.

"Sasa Mum, kile chumba nitakifanyia nini?"

"Nitakuja kulala Krismasi. Na vile vyuma vya bafuni usiving'oe. Kwa unavyohema hivyo, utavihitaji wewe."

Akacheka hadi akalala chali. Alipotulia akaniuliza kama sasa tunaweza kushuka. Mimi nilikuwa bado nataka kuona kilichoko nyuma ya ile nyumba ya mwisho.

"Wewe tangulia," nikamwambia. "Nisubiri kwenye gari."