Kuku Aliyelala Nami

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mguu wangu na mguu wa kuku ilivunjika siku moja: wangu kwa ajali, wa kuku kwa makusudi. Nilikuwa nimepanda mpapai nyuma ya nyumba yetu, mjini Kabambare, nao haukunivumilia.

Mama alimwita Mama Salima, jirani muuza mawese, ambaye aliunga mifupa kama bibi yake alivyomfundisha. Baba alinishika kwapani. Mama Salima akanipapasa ugoko kwa vidole vyenye mawese ya uvuguvugu.

"Kwenu muko watoto wangapi?"

"Sita."

"Unitajie majina. Usisahau hata mumoja, watakasirika."

Nilipofika kwa wa tatu, akavuta. Wa nne nilimtaja kwa ukelele, na mfupa ukarudi mahali pake.

Akaufunga mguu kwa vijiti vya mianzi, kisha akaomba kuku. Mama akaleta kuku wangu wa madoadoa, niliyemlea tangu kifaranga. Mama Salima akamvunja mguu, akamfunga vilevile, akamlaza kando ya mkeka wangu.

"Sasa muko mapacha. Siku kuku atatembea, na weye utatembea. Akikufa..."

Hakumaliza. Uso wa mama ulimalizia.

Basi nikalala. Mimi niliyeshindwa kutulia hata kanisani, nililala wiki baada ya wiki, nikimpa pacha wangu punje za mpunga. Akijaribu kuinuka, nilimkemea: "Tulia, utaniharibia muguu!"

Jumapili moja niliamka, kuku hayuko.

"Nimemupeleka kwa jua," mama alisema, bila kuniangalia.

Alasiri alimrudisha, madoa yaleyale, vijiti mguuni. Lakini kuku wangu alikuwa amepungukiwa kidole kimoja tangu utotoni, na huyu alikuwa navyo vyote. Baba alisimama mlangoni, suruali imejaa tope hadi magotini, kama mtu aliyezunguka vijiji vingi. Nikaelewa. Wangu amekufa. Na mguu wangu je?

Nilitaka kuuliza. Mama alikuwa amemshika yule kuku kwa mikono miwili, kama anayebeba mayai.

"Kuku yangu amenenepa," nikasema.

Mama akacheka, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu.

Siku ya kufunguliwa vijiti, kuku alitembea uani kama mwenye nyumba. Mama Salima aliitazama miguu yake, akahesabu vidole, akamtazama mama, kisha mimi.

"Eh, huyu amepona mbio! Weye ungali unangoja nini?"

Nikasimama. Uliuma. Nikapiga hatua tatu hadi kifuani kwa mama.

Leo nafundisha watoto mjini Kasongo, na mguu huu hunipeleka darasani kila asubuhi. Najua mfupa uliungwa na mikono, si na kuku. Lakini mtoto wa miaka minane nani angemlaza kwa wiki zote zile? Mimi hushindwa kuwatuliza kwa nusu saa. Namshukuru Mama Salima kwa mambo yote mawili, na namshukuru baba kwa lile tope.

Nikienda Kabambare, nikishuka tu kwenye pikipiki, mama huniangalia miguu kwanza, uso baadaye.

"Muguu je?"

"Unatembea, mama."

Habari ya kile kidole sijamwambia hadi leo.