Meza ya Nahodha wa Magobore

Siku yangu ya kwanza uwanjani nilikanyaga fataki. Mtu alikuwa amemwaga kopo zima sakafuni, vifuniko vidogo vya shaba vyenye unga wa kulipuka ndani yake, na mimi, mlinzi mpya wa lango niliyeitwa kufagia, nikapita juu yake na buti la kazi. Pa! Pa! Nikajitupa chini kifudifudi. Nilikuwa nimekaa Hillbrow, mtaa wa majambazi, vya kutosha kujua kwamba mlio ukisikika unalala kwanza, maswali baadaye. Nilipoinua uso nikaona wazee wa Kizungu wenye kofia pana wakinicheka mpaka machozi, isipokuwa mmoja. Huyo alininyanyua, akanipangusa vumbi begani, kisha akawageukia wenzake akauliza kopo ni la nani. Wakaanza kutazamana. "Basi mnamcheka asiye na kosa," akawaambia. Yeye ndiye aliyekuwa Nahodha wa Uwanja, yaani msimamizi wa zamu zote za kulenga shabaha, na kuanzia siku ile ndiye niliyemhesabu kuwa bosi wangu, ingawa aliyenilipa mshahara alikuwa Mwenyekiti wa klabu.

Uwanja wenyewe uko kusini mwa Johannesburg, nyuma ya kilima cha vifusi vya mgodi wa zamani, si mbali sana na mtaa wa La Rochelle ninakopanga chumba hadi leo. Klabu ile haikugusa bunduki za kisasa. Ilikuwa klabu ya magobore. Ninyi vijana huenda gobore mmelisikia kwenye hadithi tu, kwa hiyo nieleze. Gobore halina risasi ya ganda. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unaweka kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake unaweka risasi ya duara, unashindilia vyote hadi chini kwa mdeki, ambao ni ufito mrefu kama wa mwavuli, halafu mwishoni kabisa unavisha fataki kwenye chuchu ya chuma karibu na kitako. Ukiruka hatua moja, umeharibu. Kwetu Handeni mjomba alikuwa nalo la kufukuzia nguruwe shambani, limefungwa waya penye ufa, na kusema kweli nguruwe walikuwa salama kuliko mjomba.

Nilimsimulia Nahodha habari za mjomba nikidhani nitamchekesha. Hakucheka. Aliniuliza ule waya ulifungwa sehemu gani ya mtutu, na nilipomwonyesha akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba mjomba ni ndugu yake. Wiki ile ile akaniombea kwa Mwenyekiti nitoke langoni niingie ghalani, palipotunzwa baruti na vifaa. Mwenyekiti alikuwa mtu wa hotuba. Alinikabidhi funguo kwa maneno mengi juu ya historia na urithi, nami nilikuwa nawaza tu kwamba ghalani hakuna mvua.

Wakati ule wanachama walikuwa na fujo ya ajabu. Mtu anakuja na vitu vyake vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki: mafuta yamevuja kwenye vitambaa, fataki zimelala pamoja na baruti, mdeki umesahaulika nyumbani. Nusu ya asubuhi inaishia kwenye kuazimana. Na kwa sababu mtu akihangaika kutafuta kitu kimoja husahau kingine, kosa kubwa la pale lilikuwa risasi kavu, yaani kushindilia risasi kwenye mtutu usio na baruti. Unavuta kifyatulio, fataki inalia "ta!", na bunduki inakutazama tu. Aliyefanya hivyo alipigiwa kengele ya ng'ombe iliyoning'inia ukutani, kisha ndiye aliyewapikia wote chai. Kuna daktari mmoja alipika chai mara nyingi hata tukazoea kumwagiza sukari kabla hajafika.

Nahodha alichoka na kengele. "Athumani," akaniambia, "mtu anasahau. Hiyo hatuwezi kuizuia. Meza ndiyo inatakiwa ikumbuke." Tulikuwa tukizungumza Kiingereza chetu cha kuungaunga, yeye cha Kiafrikana, mimi cha Tanga, lakini siku ile nilimwelewa bila tabu. Tukaanza kazi ya kupanga.

Kwanza nilienda mtaa wa Berea kwa Mama Furaha, fundi cherehani kutoka Bukavu, nikampelekea turubai la hema kuukuu. Nilitaka mabunda ya kukunja yenye mifuko mingi, kila mfuko na kipimo chake, kuanzia kushoto kwenda kulia kwa mfuatano wa kazi. Aliligeuza turubai, akaniangalia kwa jicho la pembeni.

"Papa Athumani, hii mifuko yote ni ya nini? Miye niko nashona tu. Police bakikuya, nitasema sikuyui."

"Ni ya magobore, Mama Furaha. Wazee wanacheza shabaha Jumamosi."

"Eish! Bazee ba huku habana bajukuu ba kuchunga?"

Akashona, na akashona vizuri, maana mishono yake bado haijafumuka.

Mpangilio ulikuwa hivi. Vinavyoingia mtutuni vilikaa kushoto, fataki peke yake kulia kabisa, mbali na baruti. Vya kuoshea, yaani brashi, sabuni na mafuta, vilikaa chini ya meza kwenye sanduku lao, kwa kuwa tone la mafuta likigusa baruti umeipoteza. Na baruti hatukuimimina mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya ng'ombe ilimohifadhiwa, kwani ndani ya mtutu huweza kubaki cheche ya mlio uliopita, ikakulipukia mkononi. Niliipima mapema ghalani, kila mlio na kichupa chake, vikasimama kwenye gogo lililotobolewa matundu. Ukishamimina, unakirudisha kichupa tunduni kimepinduliwa, mdomo chini. Kwa hiyo hata ukiitwa, hata ukipigiwa simu, ukirudi unaitazama meza nayo inakuambia umefika wapi. Kengele ilianza kushika kutu. Katibu, mama mmoja mkali aliyependa watu wawahi, alisema kwa mara ya kwanza zamu zinaisha kabla ya jua kuwa kali.

Hiyo ndiyo miaka ninayoitamani. Nilikuwa nafika mapema, natandika mabunda ya Mama Furaha, moja mbele ya kila sehemu ya kulengea, kisha Nahodha anapita na mikono nyuma, anakagua. Akiridhika alisema "sharp" tu, yaani safi. Halafu moshi mweupe, na ile harufu ya kiberiti inayokaa kwenye nguo mpaka Jumatatu. Mke wangu aliichukia. Mimi niliipenda, na bado naitafuta puani nikiamka Jumamosi.

Kisha Nahodha mwenyewe akapiga kavu. Tulicheka, kengele ikapigwa, akapika chai. Jumamosi iliyofuata akapiga tena, na tena, na safari hii hakuna aliyeinyanyukia kengele. Vichupa vilikuwa vimesimama vimejaa mbele yake, naye hakuviona. Nikajiambia ni uzee, nani hazeeki? Lakini baadaye kidogo nilimwona akipindua kichupa cha pili ilhali bunduki haijalia. Baruti ya milio miwili ndani ya mtutu mmoja, hiyo si ya kuchekwa. Niliinua mkono nikapaza sauti: "Simamisha!" Kila mtu akaweka bunduki chini. Nahodha akanigeukia, akauliza kwa hasira ni nani amefanya kosa.

Alijibiwa na nyuso za wenzake.

Akateuliwa Nahodha mpya, mwanamama wa makamo, mtaratibu. Alipiga marufuku mzee kufyatua tena, na alikuwa na haki. Ila mke wa mzee alikuja ghalani kuniona. Alisema Jumamosi mumewe huzunguka nyumba nzima akitafuta viatu vya uwanjani, na asipoletwa hulia. Je, hakuna namna? Nikampelekea Nahodha mpya swali hilo. Akafikiri, akasema, "Aje. Wewe utajua la kufanya, Athumani. Baruti tu isimkaribie."

Basi nikampangia meza yake kama siku zote, kila kitu mahali pake, ila vichupa vilikuwa vitupu na vyote nilivipindua. Alikuja ameshikwa mkono. Akapitisha kidole juu ya vichupa, kimoja baada ya kingine.

"Athumani, nimeshapiga zote?"

"Zote, Nahodha."

"Nilipataje?"

Mkewe akatazama pembeni.

"Moja tu ilitoka nje ya duara jeusi," nikasema. "Ni upepo."

Akakunja uso. "Upepo si kisingizio. Lete maji ya moto tuoshe."

Tukaosha bunduki ambayo haikulia. Mikono yake haikuwa imesahau: brashi, kitambaa, mafuta, bila kuuliza. Maji, ambayo baada ya milio hutoka meusi kwa masizi ya baruti, yakatoka safi kama yalivyoingia. Akayatazama, akasema siku hizi wanatengeneza baruti nzuri sana. Nilicheka, naye akacheka, na nadhani ilikuwa asubuhi njema kuliko nyingi tulizopiga kweli.

Tukaendelea hivyo Jumamosi nyingi. Kila mara aliuliza, kila mara nilimpa jibu jipya. Siku moja nilimwambia amemshinda daktari, akatembea kifua mbele mpaka kwenye gari. Sijutii hata jibu moja.

Nimestaafu sasa. Magoti yamegoma, na wajukuu zangu huniuliza kwa Kizulu nilikuwa nafanya kazi gani, nami huwajibu kwa Kiswahili kwamba nilikuwa napanga meza. Wanadhani nilikuwa mhudumu wa hoteli. Waacheni wadhani. Kupanga ni kumfikiria mtu kabla hajafika, mkono wake utakwenda wapi na atasahau nini. Kazi nyingine uwanjani sikuijua.

Mara ya mwisho alipokuja, alisimama mbele ya meza. Hakugusa kitu. Halafu akaniambia kwa adabu, kama mgeni:

"Samahani, bwana. Meza hii ni ya nani?"

"Ya Nahodha wa Uwanja."

"Ni mtu makini," akasema. "Ningependa kumfahamu."

Mkewe akamshika mkono, wakaondoka polepole. Nikabaki nakunja turubai. Namkumbuka sana mzee yule. Siku ile nilikuwa nimemwandalia jibu tayari, nimelibeba tangu nyumbani: nilitaka kumwambia kwamba hakukosa hata moja.