Mume Wangu na Damu ya Ghorofani

Nilirudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu chumbani, miguu ukutani, kichwa chini, macho yamemtoka.

"Baba watoto, umeanguka?"

"Napeleka damu kwenye ubongo."

Jamani, huyo ni mwalimu wa hesabu. Msije mkadhani nimeolewa na chizi.

Yote yalianza daktari alipomwandikia dawa za presha. Akaenda kuzitangaza ofisini kwao, na huko yupo mwalimu wa michezo wanayemwita Profesa. Hakuna asilolijua.

"Kichwa kipo ghorofani," Profesa akamwambia. "Ukipunguza presha, maji yatapanda vipi? Zitakukausha ubongo hizo!"

Mume wangu, na akili zake zote, akameza maneno, akaacha vidonge.

Mimi nilikuwa naogopa kweli. Kaka yake mkubwa aliidharau presha, leo amepooza upande mmoja, analishwa kwa kijiko. Sikuwa tayari kumuuguza wa pili.

"Kesho ni kliniki," nikamwambia. "Daktari ataikuta presha yako mawinguni."

"Hilo niachie mimi."

Kumbe mwenzangu asubuhi kabugia vidonge vya wiki nzima kwa mkupuo, eti kipimo kitoke kizuri! Tumekaa kwenye benchi, akaitwa, akainuka kwa madaha yake yote.

Puu! Chini.

Nikapiga ukunga, nikajua ndiyo nimeshakuwa mjane. Wauguzi wakamlaza, wakamwinua miguu, wakamtundikia dripu. Alipozinduka tu, mdomo ukaanza kazi.

"Si nilisema? Dawa zimeninyima damu ya kichwa!"

"Mwalimu, wewe si bomba," daktari akamjibu. "Presha ikishushwa taratibu, mishipa ya ubongo inajirekebisha, damu inafika vizuri tu. Inayoiharibu ni hiyo presha ya juu unayoifuga. Ila ukiiporomosha ghafla hivi, lazima uone giza. Una bahati umeamka."

Bwana hesabu huyo! Kujumlisha kidonge kimoja kwa siku kumemshinda.

Jioni wakaturuhusu, tukapita dirisha la dawa. Mbele yetu kwenye foleni, nani?

Profesa. Mkononi ana pakiti za dawa, zilezile za mume wangu.

"Shemeji, na wewe unazitumia?" nikamuuliza.

"Miaka mingi! Presha haina mchezo, shemeji. Siruki hata siku moja."

"Si ulimwambia mwenzako zinakausha ubongo?"

Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Aa, yale yalikuwa maongezi tu ya kunywea chai. Ningejua vipi kama ameyashika?"

Maongezi ya chai! Na mimi nusura nivae kaniki ya ujane. Nilitamani nimpige na pochi, basi tu watu walikuwa wengi.

Ndugu zangu, mtu akikukataza dawa, usihangaike kumuuliza kasoma wapi. Muulize yeye nyumbani kwake anameza nini.

Wangu sasa anakunywa kimoja kila asubuhi. Nasimama mbele yake mpaka afungue mdomo, nikague na chini ya ulimi.