Nilivyomtukana Mkuu Wangu Mbele ya Mataifa

Mimi ni mtoto wa Kanyenye, Tabora mjini, na kazi yangu serikalini ni bahari. Chekeni tu, nimezoea. Mkuu wangu wa kazi, Mzaramo, hunicheka kila siku: Mnyamwezi na bahari, wapi na wapi? Sisi ni watani tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo kichwani wakielekea pwani. Basi ananitukana atakavyo, nami namrudishia, na hakuna anayenuna.

Juzijuzi nilikuwa nyumbani namuuguza mama, aliyekuwa ametoka kupasuliwa tumbo. Likizo nilipewa, lakini kikao cha mataifa kuhusu bahari na tabianchi kilikuwa kinaendeshwa kwa mtandao, na siku hiyo aya yetu ilikuwa inaamuliwa. Aya yenyewe fupi: mradi wowote wa tabianchi usianzishwe baharini kabla wakazi wa pwani hiyo hawajaulizwa. Tulikuwa tumeihangaikia miaka. Ikiahirishwa, miradi ingeanza bila wao. Nikaweka kompyuta kando ya kitanda cha mama, nikaingia kikaoni.

Mkuu wangu, akiwa Dodoma, akapewa nafasi aitetee. Akaanza kuzunguka: salamu, shukrani, shukrani tena. Nikamgeukia mama. "Msikie huyu bwege! Bahari yenyewe haijui, kazi yake kula pweza tu. Siku akifa nitacheza ngoma kaburini kwake."

Maikrofoni yangu ilikuwa wazi.

Mjumbe wa nchi jirani, anayejua Kiswahili vizuri, akaomba kusema. Kwa upole kabisa akaeleza kwamba inaonekana ujumbe wa Tanzania wenyewe hauelewani, tena vibaya, kwa hiyo aya hiyo iwekwe kando hadi kikao kijacho. Loh! Utaanzaje kumwambia mwenyekiti wa mataifa, kwa Kiingereza, kwamba kumtakia mtu kifo ndiyo mapenzi yenyewe? Na mkuu wangu naye akatoweka kwenye kioo. Nikaogopa kwamba leo nimemuudhi kweli.

Kisha uso wake ukarudi kwenye kioo. "Samahani mwenyekiti, mtandao umenikatikia nikiwa natukanwa," akasema, halafu akahamia Kiswahili. "We Mnyamwezi! Babu yako alipita kwetu na pembe za ndovu kichwani akaomba maji ya kunywa, leo unanifundisha bahari? Ukifa nakuzika na mzigo wako!"

Yule jirani akaangua kicheko. "Ah, kumbe watani! Si mngesema?" Akamweleza mwenyekiti kwamba hata kwao mambo hayo yapo, akaondoa ombi lake. Hakuna mwingine aliyepinga. Aya ikapita.

Nikafunga maikrofoni, nikahakikisha imefungwa, ndipo nikalia. Kwa raha tu, jamani.

Simu ikaita. Mkuu wangu, anamtaka mama.

"Shikamoo mama. Usife kwanza, sijapata nauli ya kuja kukucheka."

"Marahaba, mla pweza. Utanifumua mshono wewe!" Mama alicheka huku amejishika tumbo. Tangu apasuliwe sikuwa nimemsikia akicheka.

Alipokata simu akaniuliza, "Kwa hiyo watu wake wataulizwa?"

"Wataulizwa, mama."

"Alhamdulillahi. Walitupa maji wale." Akavuta shuka hadi kidevuni. "Usimwambie nimesema."