Vitunguu Kwenye Vyumba vya Wageni

Vijana huniandikia wakiuliza wataanzaje kazi ya uchanganuzi wa fedha. Wanataka niwatajie kozi, vyeti na programu za kompyuta. Nawajibu kwa upole, kisha naweka simu chini nikiwa na hasira, kwa sababu mwanzo wangu mimi hauko kwenye kozi yoyote, na hadi leo unanichoma.

Nilianza kama mwanagenzi katika chama cha akiba na mikopo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, mjini Nyeri. Mwanagenzi ni mtu mwenye digrii anayefanya kazi bila mshahara na kutakiwa ashukuru. Nilimwandalia meneja hesabu, nikamwandalia na chai, maana katika ofisi ile iliaminika kwamba kila msichana amezaliwa akijua mwanamume anataka sukari kiasi gani. Niliahidiwa kuajiriwa mwaka ukiisha. Mama yangu alikuwa mwanachama. Maziwa ya ng'ombe wake ndiyo yaliyonisomesha, na baada ya ibada alikuwa akisimama nje ya kanisa akiwaambia watu kwamba binti yake sasa ndiye anayeangalia pesa zao.

Basi halmashauri ya chama ikatamani kununua nyumba ya wageni kule Naro Moru, wanakolala watu wanaopanda mlima. Walikuwa wameshakwenda kuikagua. Wazee wetu hawakagui mradi bila mbuzi. Walikwenda Desemba, likizo imepamba moto, vyumba vimejaa. Muuzaji akachinja, wakala, wakarudi wakisema biashara ni nzuri. Mimi nikaambiwa niandike ripoti ya kuthibitisha kile walichokwisha kula.

Nilikwenda mwenyewe mwezi wa Mei, kwa nauli yangu, mvua ikinyesha. Hakukuwa na mgeni hata mmoja. Mlinzi alinifungulia vyumba akiwa na furaha ya mtu aliyekosa wa kuzungumza naye. Katika vyumba vya chini vitanda vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na sakafu nzima imetandazwa vitunguu vikauke.

"Hii ni ya mwenye nyumba," akasema. "Wageni hawako saa hii. Sasa nyumba ikae tu bure?"

Niliandika yote: kwanza mapato ya miezi ya wageni, na katika ukurasa wa mwisho ukame wa mapato wa miezi mingine, paa linalovuja, na vitunguu. Hapo hapo nikasema wazi kwamba tusinunue.

Meneja aliisoma akiwa amesimama.

"Kazi yako iko sawa," akasema. "Lakini hii ukurasa ya mwisho, toa."

"Lakini hapo ndipo penye jibu."

"Jibu tuko nayo. Wewe uliambiwa upange hesabu. Na ati vitunguu? Unataka wazee wachekwe?"

"Nikiutoa, ripoti itakuwa inasema tununue."

"Barua yako ya kazi iko kwa chairman," akasema taratibu. "Usijiharibie, msichana yangu."

Nilikataa kuutoa, nikabaki na nakala yangu kamili. Nikadhani kukataa kwangu kumetosha, kana kwamba katika ofisi ile ni mimi peke yangu niliyejua kung'oa karatasi.

Mkutano mkuu ulifanywa uani, chini ya mahema ya kukodi. Ulikuwa kwa Kiswahili badala ya lugha ya kwetu, kwa heshima ya afisa wa ushirika wa serikalini, mgeni wa mbali, aliyekaa mbele na kunyamaza kama aliyelipwa anyamaze. Mimi nilikuwa nikigawa chai. Mwenyekiti akainua ripoti juu.

"Hii hesabu haikufanywa na mtu ya Nairobi," akasema. "Ni mtoto wetu, ule tulisomesha na maziwa. Yeye mwenyewe amesema tununue."

Watu wakapiga makofi. Nikachukua nakala iliyokuwa mezani. Ukurasa wa mwisho haukuwepo, na kwenye jalada walikuwa wameandika jina langu, wao ambao hawakuwahi kuliandika kwenye kazi yangu yoyote.

"Wenye kuunga mkono?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa mama yangu. Aliuinua juu kabisa, akigeuka huku na huku ili hata waliokaa nyuma wamwone. Mikono mingine ikaanza kufuata.

Niliweka birika chini. "Samahani, mzee," nikasema. "Ukurasa wa mwisho umetolewa. Mimi niliandika tusinunue. Wageni wakiisha, vyumbani mle huanikwa vitunguu."

Mwenyekiti hakukasirika. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa bahasha, akaiweka juu ya meza ambapo kila mtu angeiona.

"Barua ya kazi yako ndiyo hii," akasema. "Nilikuwa nikupatie leo, mbele ya mama yako. Kaa chini. Hapa wanaongea memba, na wewe si memba."

Ilikuwa kweli. Sikuwa mwanachama.

Mama aliitazama ile bahasha. Mkono wake ulikuwa bado juu. Usoni mwake nilimwona akiiaga kazi yangu. Kisha akaushusha mkono, akajishika kwenye kiti cha mbele yake, akasimama.

"Chairman," akasema, "mimi niko memba. Wacha asome hiyo ukurasa."