Ng'ombe wa Milimita

"Atakayekuta kisanduku kimoja kitupu kwenye daftari langu," Milimita alisema kwenye kipaza sauti, mbele ya mgeni rasmi na nusu ya mji, "nitampa ng'ombe."

Hakuwa na ng'ombe. Hata kuku hakuwa naye. Wale watatu waliokuwa wakizurura uani kwake walikuwa wa mkewe, na mkewe alikuwa ameshalisema hilo mara nyingi, tena mbele ya wageni. Lakini kipaza sauti kina tabia ya kumgawia mtu mifugo.

Mkutano wenyewe uliitishwa kuelezea Tozo ya Hali ya Hewa. Kwa saa nzima mgeni rasmi alieleza kwamba dunia inapata joto, mvua zimepotea njia, na kwa hiyo kila anayechoma mafuta, kila anayechoma mkaa na kila anayepokea mshahara atachangia kidogo. Watu walimsikiliza huku wakipiga hesabu moyoni. Alipouliza kama kuna swali, Milimita akasimama katika mstari wa tatu, na shati lake la kazini lililofungwa mpaka kifungo cha shingo. Swali hakuwa nalo.

"Mimi ndiye mpima mvua wa hapa," alisema. "Miaka ishirini na tisa na miezi kumi na moja. Hakuna tone lililodondoka mji huu bila mimi kulipima. Mwezi ujao natimiza thelathini."

Na hapo ndipo alipotoa ng'ombe.

"Wa maziwa au wa nyama?" fundi baiskeli alipiga kelele kutoka nyuma.

"Utachagua mwenyewe!"

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akapiga makofi, akasema huyu ndiye mwananchi taifa linayemtaka, akaingia kwenye gari lake, akaondoka. Gari lilinguruma kwa mafuta mengi sana, lakini hilo halikuwa kwenye ajenda.

Kazi ya Milimita ilikuwa hivi. Nyuma ya ofisi ya serikali kulikuwa na kiwanja kidogo chenye uzio wa waya, na katikati yake kipimamvua cha shaba, mdomo wa inchi tano, kimechimbiwa ardhini nusu. Kila siku saa tatu kamili asubuhi, iwe sikukuu, iwe msiba, anakifungua, anamimina maji kwenye glasi yenye mistari, anapiga goti ili jicho lilingane na maji, anasoma, anaandika. Kama hakuna maji, anaandika sifuri. Watu walimcheka kwa zile sifuri. Kiangazi kizima mtu anaamka, anavaa, anafunga vifungo, anakwenda kuandika sifuri, halafu mwisho wa mwezi analipwa!

Lakini sifuri ina heshima yake. Sifuri maana yake mtu alikwenda, akatazama, hakukuta kitu. Asipokwenda mtu, kinachoandikwa ni dashi. Na dashi moja tu ni sawa na kisanduku kitupu, inakata mfululizo. Kwenye kozi ya wiki sita aliyopewa alipoanza kazi, mwalimu wao aliwaambia: mvua ya mwaka mmoja ni habari, mvua ya miaka kumi ni umbea, mvua ya miaka thelathini isiyokatika ndiyo inaitwa hali ya hewa ya mahali. Yule mwalimu alishafariki. Milimita aliishika sentensi ile kama wengine wanavyoshika hati ya kiwanja. Alizikwa baba yake saa nne badala ya saa tatu kwa sababu hiyo. Binti yake alizaliwa alfajiri, na saa tatu baba alikuwa amepiga goti kwenye waya. Mkewe alimsamehe la kwanza.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na tozo ilimkuta kwenye pasi. Alikuwa anapiga pasi ya mkaa, ile nzito yenye jogoo wa chuma kwenye kifuniko, kwa sababu umeme ulikuwa unakuja na kuondoka bila kuaga. Wiki moja baada ya mkutano, bei ya gunia la mkaa ikapanda.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeharibu hewa?" alimuuliza mumewe. "Na pasi hii? Miaka yote nadhani nanyoosha marinda ya watoto wa shule, kumbe nayeyusha barafu huko iliko!"

"Ni kidogo kidogo, Mama Watoto. Kila mmoja anachangia."

"Na wewe wamekukata kwenye mshahara?"

"Wamenikata."

"Wamekukata mpima mvua, kwa ajili ya mvua."

Milimita alitazama ukutani, ingawa ukuta aliokuwa anaufikiria ulikuwa ule wa ofisini. Mwaka taifa lilipoanza, baba yake, fundi rangi, ndiye aliyeitwa kuandika kwenye ukuta ule maneno ya waasisi, herufi moja urefu wa mkono: NCHI HII NI YA KILA ANAYEIFANYIA KAZI. Alidai ujira wa siku mbili. Wakampa bendera ya karatasi, naye akafurahi zaidi. Kila mwaka baada ya hapo alizipitia herufi zile kwa rangi yake mwenyewe mpaka alipokufa, akamwachia mwanawe brashi.

Sasa tozo ilikuja na bango, na aliyelibandika alitafuta mahali palipo wazi, hakupata, akalibandika juu ya nusu ya pili. LIPA TOZO, OKOA MVUA. Upande wa kushoto ikabaki: NCHI HII NI YA. Kila mpita njia akawa anamalizia mwenyewe, na katika maneno waliyomalizia, mengine hayaandikiki hapa.

Milimita hakulibandua. Alisema ni mali ya serikali.

Kilichokuwa kinamsumbua ni glasi. Ilikuwa imepasuka ufa mwembamba kutoka mstari wa sita hadi wa tisa, akaifunga kwa gundi ya karatasi, akaandika barua makao makuu kuomba nyingine. Aliandika barua nne. Ya tatu ndiyo iliyojibiwa; aliambiwa ajaze fomu, na fomu haikuwemo kwenye bahasha.

Kwa hiyo asubuhi moja gari la serikali liliposimama nje ya uzio, na afisa mwanamke wa miaka thelathini na kitu akashuka na faili kifuani, Milimita alitabasamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umeniletea glasi?"

"Glasi gani?"

"Niliandika barua."

Afisa alifungua faili, akapekua, akafunga. "Mimi nina barua ya kufunga kituo."

Alimweleza vizuri, hakuwa mtu mbaya. Tozo ilikuwa imenunua mtambo wa kisasa. Unapima wenyewe, unatuma wenyewe, hauumwi, hauendi likizo.

"Hata mimi sijaenda likizo," Milimita alisema. "Umefungwa wapi?"

"Makao makuu. Pale getini."

"Kutoka hapa mpaka makao makuu ni saa nane kwa basi."

"Unashirikiana na satelaiti, mzee. Satelaiti inaona mbali."

Milimita alitazama juu, kwa adabu tu, kisha akatazama daftari. "Zimebaki siku kumi na tisa."

"Za nini?"

"Kutimiza thelathini. Niachieni siku kumi na tisa, halafu nitawaletea mwenyewe kwa basi, kwa nauli yangu."

Afisa alihesabu kwenye kalenda ya simu, kwa kidole, kwa uaminifu kabisa. "Mzee wangu, mimi nimetumwa kukusanya vifaa tu. Vituo kumi na kimoja, wiki hii. Kwa siku zilizobaki weka dashi. Mfumo unakubali dashi."

"Mfumo unakubali," Milimita alirudia.

Dereva alikichimbua kipimamvua. Afisa akaandika kwenye fomu: kipimamvua kimoja, shaba, hali nzuri.

"Si hali nzuri sana," Milimita alisema. "Kina kibonyeo ubavuni. Binti yangu alikikalia alipokuwa na miaka mitano. Andika kibonyeo."

Afisa akaandika kibonyeo. Milimita akatia sahihi.

"Vinakwenda wapi?"

"Stoo. Wengine wanasema makumbusho."

Glasi haikuchukuliwa, kwa sababu kifaa kilichopasuka hakikuwa kwenye orodha. Daftari nalo likaachwa; lingeagizwa baadaye.

"Wamechukua," alimwambia mkewe jioni.

"Wamechukua kila kitu?"

"Glasi wameacha."

Mkewe alicheka, halafu akamwangalia, akaacha. "Umekasirika, Baba Watoto?"

Milimita alijipekua kidogo ndani kama anayetafuta funguo. "Sijui," alisema. Kweli hakujua. Palikuwa na ganzi tu, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kesho yake saa tatu kamili alikuwa kwenye waya, vifungo vimefungwa, amesimama juu ya shimo. Mbingu ilikuwa nyeupe, udongo mkavu mpaka chini. Alifikiri sana. Mtu alikwenda, akatazama, hakukuta kitu. Akaandika sifuri. Kesho yake tena sifuri. Siku sita, sifuri sita, na kila moja angeweza kuiapia popote. Fundi baiskeli akipita njia ya ofisini alimpigia kengele. "Milimita! Siku hizi unapima shimo?"

"Napima."

Siku ya sita, saa kumi alasiri, mawingu yakajikusanya upande wa shule. Milimita alikwenda jikoni, akachukua futi ya mkewe ya ushonaji, akapima midomo ya masufuria yote mpaka akapata lililo na inchi kumi sawasawa. Mkewe alimtazama na pini mdomoni. Milimita akalichukua sufuria, akalitia kwenye shimo, akalizungushia udongo, akasimama kando.

Mvua ilikuja na upepo, matone mazito. Aliona kila kitu. Aliona maji yanavyopiga kitako cha sufuria na kuruka nje. Kipimamvua kina shingo ndefu na faneli ndani, tone likiingia halitoki. Sufuria halina shingo. Lilikuwa sufuria, lilifanya kazi ya sufuria.

Saa tatu asubuhi alipiga goti akapima. Glasi tisa zilizojaa hadi mstari wa kumi, na ya mwisho mstari wa pili. Tisini na mbili. Mdomo wa inchi kumi ni mara nne ya mdomo wa inchi tano, kwa hiyo gawanya kwa nne. Ishirini na tatu. Hesabu ilikubali. Alirudi na daftari nyumbani, akaketi mezani pembeni ya cherehani, akashika kalamu, hakuandika.

"Imekuwa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Ishirini na tatu."

"Si uandike?"

"Nyingine iliruka nje."

"Kiasi gani?"

"Hapo sasa."

Cherehani ilisimama. "Nani atakuja kukuuliza, mume wangu? Niambie nani. Makao makuu wana mtambo wao getini."

"Hakuna atakayeuliza."

"Basi?"

"Basi ndiyo hivyo."

Ilikuwa mvua ya ishirini na tatu, au ya thelathini, au ya thelathini na tano. Hakujua. Na kisanduku kilikuwa kidogo, kinachukua namba moja. Saa tatu na dakika arobaini akaandika dashi. Ilikuwa fupi, imenyooka. Siku zote alikuwa na mwandiko mzuri. Akafunga daftari, akaliweka juu ya kabati, akauliza kama chai bado ipo.

Mkewe alimimina chai.

Kesho yake saa tatu ilimkuta Milimita kitandani, macho wazi, anatazama paa. Saa nne mkewe alimkabidhi pasi ya mkaa, imefungwa kwenye kitambaa.

"Nimeshindwana na mkaa. Kaiuze, kabla hawajaweka tozo ya kuitazama. Marinda nitayapiga pasi siku umeme ukijisikia kuja."

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa yule yule fundi baiskeli, maana baiskeli peke yake hazikuwa zinamlisha. Mizani yake ilining'inia kwenye mti wa uzio, na chini yake palikuwa na minyororo, rimu, na gunia moja jipya lililojaa.

"Karibu Milimita! Ng'ombe wangu hajambo?"

"Ni wako," Milimita alisema. "Tangu jana."

Fundi alicheka mpaka mizani ikatikisika, ikabidi aishike kwa mkono ndipo aisome. Pasi ilikuwa kilo tatu. Chuma, elfu moja kwa kilo. "Jogoo nakuhesabia bure," alisema, akampa elfu tatu.

Milimita hakuwa anatazama pesa. Mdomo wa gunia ulikuwa umefunguka kidogo, na ndani yake aliona duara la shaba la inchi tano, kisha jingine, kisha jingine. Aliinama, akapekua taratibu, akakipata cha nne kutoka juu. Kilikuwa na namba ya kituo, 114, aliyoiandika mwenyewe kwa brashi ya baba yake, na kibonyeo ubavuni.

"Hivyo vimeletwa juzi na gari la serikali," fundi alisema. "Gunia zima, kwa bei ya kutupa. Hata sijui ni vya nini. Nasikia vinafaa kupandia maua."

Milimita alikipindua. Faneli ilikuwa ndani, nzima, na shimo lake halijaziba. Juzi ilikuwa siku ya sifuri ya sita, ile ile iliyonyesha alasiri.

"Bei gani hiki?"

Fundi akakitundika kwenye mizani, akasubiri kitulie. Shaba ilikuwa elfu kumi kwa kilo, nacho kilikuwa kilo moja na robo. Akachukua kikokotoo, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Elfu kumi na tatu na mia mbili hamsini," alisema. "Tozo ya hali ya hewa ikiwemo."